Jua linahitaji mkesha, si ziara

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilisuasua Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na kwingine ikakatika kabisa. Siku mbili kabla ya hapo, usiku wa Ijumaa, dunia ilikuwa imepigwa na dhoruba ya jua ambayo mfano wake haukuwa umeonekana tangu Oktoba 2003. Picha za mbingu za Ulaya na Marekani zilizogeuka rangi ya waridi na kijani zilikuwa bado zinazunguka kwenye simu za watu. Kuyaunganisha mambo hayo mawili hakukuhitaji bidii: jua limepiga, mtandao umekufa.

Jua halikuhusika. Nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, basi. Lakini dhoruba yenyewe ilikuwa ya kweli, na kilichonivutia mimi ni kwamba ilitangazwa kabla haijafika. Watabiri wa Marekani walitoa tahadhari ya daraja ambalo halikuwa limetolewa tangu 2005. Walikuwa wameyaona mawingu ya gesi yenye sumaku yakichomoka kwenye jua, moja nyuma ya jingine, yakija upande wetu. Na jicho walilolitegemea zaidi kuyaona ni kamera iliyomo ndani ya chombo kiitwacho SOHO, kilichorushwa tarehe 2 Desemba 1995 na kuundwa kwa kazi ya miaka miwili.

Tusilipite hilo haraka. Mwaka 2024, wakati angani kuna maelfu ya setilaiti za biashara, tahadhari ya dhoruba kubwa kuliko zote za miaka ishirini iliegemea kamera iliyobuniwa kabla wengi wetu hatujawahi kugusa kompyuta. Kwa miaka hiyo yote vyombo vipya vimerushwa, vingine vya ajabu kweli, na kila kimoja kimepewa vichwa vya habari vyake. Habari za anga hupenda safari: chombo kimekwenda mbali zaidi, kimekaribia zaidi, kimekimbia zaidi. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu jua, na karibu yote yanayotukinga nalo, yameletwa na vyombo ambavyo haviendi popote. Vinakaa. Vinatazama. Vinazeeka vikiwa kazini, na hakuna anayeviandika mpaka siku vitakapozimika.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jua, ambalo kila mtu analiona bure, lihitaji setilaiti hata kidogo. Jibu ni hewa. Angahewa huizuia miale ya eksirei na sehemu kubwa ya urujuanimno isifike chini, jambo linaloiokoa ngozi yetu na kumnyima mwanasayansi nusu ya habari. Uso wa jua tunaouona una joto la takriban nyuzi 5,500 za Selsiasi. Tabaka lake la nje kabisa, korona, lina nyuzi milioni moja na zaidi. Ndiyo, ukitoka kwenye uso wa jua kwenda nje joto linapanda badala ya kushuka, na sababu yake bado inabishaniwa. Gesi yenye joto la namna hiyo hung'aa hasa kwa miale ileile ambayo hewa inaizuia. Kwa mwanga wa kawaida korona ni hafifu mno, karibu mara milioni moja chini ya uso wa jua, kwa hiyo kabla ya setilaiti ilionekana vizuri wakati mmoja tu: mwezi unapolifunika jua lote.

Ndiyo maana tarehe 30 Juni 1973 wanasayansi wa mataifa mbalimbali walikuwa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na mitambo yao kwenye upepo na vumbi la huko, wakingoja giza la dakika chache. Siku hiyohiyo wenzao walipanda ndege ya Concorde kutoka visiwa vya Kanari wakakimbizana na kivuli cha mwezi kuvuka Sahara hadi Chad. Walipata dakika 74 za giza. Hakuna kupatwa kwa jua kulikowahi kutazamwa kwa muda mrefu kiasi hicho, na sidhani kama kuna aliyejaribu tena kwa mtindo ule.

Lakini wakati wote huo kituo cha Skylab, kilichorushwa mwezi Mei mwaka huohuo, kilikuwa kinazunguka juu ya vichwa vyao kikiwa na koronagrafu. Koronagrafu kwa asili ni darubini yenye kisahani kinachoziba uso wa jua ili pembeni paonekane. Duniani kinafanya kazi kwa shida kwa sababu hewa yenyewe hung'aa na kuficha korona. Juu, penye weusi mtupu, kinatengeneza kupatwa kwa jua kila saa unayotaka. Skylab iliitazama korona kwa miezi. Dakika za Loiyangalani zilikuwa na thamani yake, lakini enzi zao zilikuwa zimekwisha.

Miaka miwili kabla, Desemba 14, 1971, koronagrafu ya setilaiti ndogo iliyoitwa OSO-7 ilikuwa imenasa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: donge la gesi likijitenga na jua na kwenda zake angani. Tangu mwaka 1859, mwanaastronomia Richard Carrington alipoona mwako mkali juu ya madoa ya jua, yale mabaka meusi ya usoni pake, huko Uingereza na kesho yake mitambo ya simu za maandishi ikavurugika dunia nzima, watu walishuku kwamba kuna kitu hutoka kule na kufika huku. Kushuku kulidumu miaka zaidi ya mia moja. Kukiona kitu chenyewe kikitoka kulihitaji jicho lililo nje ya hewa, tena lililo wazi siku ambayo jua limeamua.

Hapo pwani yetu inaingia, na inaingia kwa haki. Mwezi mmoja kabla ya OSO-7 kuona donge lile, tarehe 15 Novemba 1971, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ikiwa na setilaiti ya Explorer 45. Kazi yake ilikuwa kupima mkondo wa chembe za umeme unaoizunguka dunia na kuvimba kila dhoruba ya sumaku inapotokea. Kwa maneno mengine, chombo kimoja kilishuhudia jua likitupa, na kingine, kilichotokea Kilifi, kilikuwa kinapima upande wa kupokea.

Watu wakikumbuka San Marco huitaja Uhuru, setilaiti ya eksirei iliyorushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, ikapewa jina hilo kwa heshima ya Kenya. Inastahili kukumbukwa, ila ilichunguza nyota za mbali. Mimi ninayoithamini zaidi ni ile kazi isiyo na jina zuri ambayo Mwitaliano Luigi Broglio aliianzisha na San Marco 2, iliyorushwa pale Aprili 26, 1967. Ndani ya setilaiti ile mlikuwa na mizani iliyopima jinsi hewa nyembamba ya juu inavyokivuta chombo nyuma. Hewa hiyo si ya kudumu katika hali moja. Jua likichangamka, urujuanimno wake huipasha, nayo huvimba na kupanda. Setilaiti ya mwisho kurushwa pale, Machi 25, 1988, ilikwenda kufuatilia uhusiano huohuo kati ya jua na hewa ya juu kwenye ukanda wa ikweta.

Kama hilo linasikika kama udadisi wa maprofesa, basi Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink kwenye obiti ya chini, ikakutana na dhoruba ya sumaku ambayo wataalamu waliiita ndogo. Hewa ikavimba, setilaiti zikavutwa, na 38 zikaanguka na kuungua. Jambo lililoziangusha ndilo lililokuwa likipimwa kutoka Ngomeni zaidi ya nusu karne nyuma.

Sasa turudi kwa SOHO, kwa sababu maisha yake yanaeleza hoja yangu kuliko ninavyoweza mimi. Ni mradi wa pamoja wa shirika la anga la Ulaya na NASA. Kimewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea jua, mahali panapoitwa L1, ambapo mvuto wa jua na wa dunia husawazika kiasi cha kukiwezesha chombo kulizunguka jua sambamba na dunia. Pale hakuna usiku. Dunia haipiti mbele ikaziba. Ni mahali pa kukesha.

Usiku wa kuamkia Juni 25, 1998, wakati wa matengenezo ya kawaida, kikapotea. Amri zilizotumwa kutoka ardhini zilikuwa na makosa, dalili hazikufuatiliwa ipasavyo, na uamuzi mmoja mbaya ukafuata mwingine. Chombo kikageuka, paneli zake zikaacha kulitazama jua, umeme ukaisha, na mafuta ya haidrazini yakaganda ndani ya tangi. Kwa wiki kadhaa hakikujibu. Wahandisi walipiga hesabu: kadiri chombo kinavyosogea kwenye njia yake, pembe ya paneli kwa jua itabadilika na umeme kidogo utarudi. Mwezi Julai, antena kubwa ya Arecibo huko Puerto Rico ilituma mawimbi ya rada, na antena ya Goldstone, California, ikapokea mwangwi. SOHO kilikuwa bado kipo, kinazunguka taratibu, mahali kilipotarajiwa. Agosti 3 kikatoa mlio wake wa kwanza. Zikafuata wiki za kuyayusha mafuta kidogo kidogo kwa umeme wa kubana, na katikati ya Septemba kikaelekezwa tena kwenye jua.

Vifaa vyake vya kuhisi mzunguko, jairoskopu tatu, vilitoka pale vikiwa hoi. Viwili vilikuwa vimekufa kwa baridi, cha tatu kikafa Desemba. Wahandisi wakaandika programu mpya ya kukiongoza chombo bila jairoskopu hata moja, na kuanzia Februari 1999 kikaendelea na kazi. Mwaka 2003 mota ya antena yake ikakwama. Wakatafuta njia nyingine ya kupokea data. Kwangu hii ndiyo sayansi ya jua katika sura yake halisi. Roketi huchukua dakika chache. Kinachobaki ni miaka ya watu waliokaa mbele ya skrini, wakilitunza kopo lenye matatizo lililo mbali mara nne kuliko mwezi.

Malipo ya ukaidi huo? Mzunguko wa jua, kutoka utulivu hadi fujo na kurudi kwenye utulivu, huchukua takriban miaka 11. Chombo cha miaka miwili kingeona kipande tu. SOHO kimeona mizunguko miwili mizima na sehemu ya wa tatu kwa koronagrafu ileile, na hapo ndipo unaweza kulinganisha mzunguko mmoja na mwingine bila kubishana kama tofauti imetoka kwenye jua au kwenye kamera. Pembeni ya hayo, bila mtu kupanga, picha zake zimefichua nyotamkia zaidi ya 5,000 zinazopita karibu na jua. Nyingi ziligunduliwa na watu wa kawaida wanaokagua picha hizo kwenye kompyuta zao nyumbani, kwa kuwa picha ni za wote. Ya elfu tano ilitangazwa Machi 2024.

Kukaa kwa muda mrefu kumewezesha jambo jingine ambalo naliona la ajabu kuliko ukaribu wowote: kuona ndani ya jua. Uso wa jua hupanda na kushuka kwa mapigo ya dakika tano hivi, kwa sababu ndani yake mna mawimbi ya sauti yanayozunguka. Mnunuzi wa tikiti maji sokoni hulipiga kidole na kusikiliza. Wanasayansi wanasikiliza mapigo hayo kwa miaka, na kutokana nayo wamepima jinsi tabaka za ndani zinavyozunguka kwa kasi tofauti. Wanaweza hata kukisia kama kuna madoa makubwa kwenye mgongo wa jua, upande tusioutazama. SDO, setilaiti ya NASA iliyorushwa Februari 11, 2010, inaendeleza kazi hiyo. Kila sekunde 12 inapiga seti ya picha za jua kwa rangi mbalimbali za urujuanimno, na kwa siku hutuma duniani takriban terabaiti moja na nusu ya data. Picha nyingi za jua unazoziona kwenye taarifa za habari, zile za dhahabu na buluu, zimetoka huko, ingawa rangi zenyewe zimepakwa ili jicho litofautishe.

Eneo la madoa lililozaa dhoruba ya Mei 2024, ambalo lilipewa namba 13664, lilizunguka likapotea machoni petu siku chache baadaye. Zamani hadithi ingekoma hapo hadi lirudi. Safari hii chombo cha Ulaya, Solar Orbiter, kilikuwa upande ule, kikaendelea kulitazama na kunasa mlipuko mkubwa kuliko ile tuliyoiona sisi. Likazunguka tena, SDO ikalipokea. Makabidhiano ya zamu.

Hapa niingie kwenye jambo ambalo magazeti hulipita, nalo ndilo kiini cha utabiri wote. Watu hudhani kwamba mtabiri akishaliona wingu limetoka kwenye jua, kazi imekwisha. Wingu huchukua siku moja hadi tatu kufika. Una muda wa kutosha. Lakini madhara yake hayategemei ukubwa na kasi peke yake. Yanategemea sumaku iliyo ndani ya wingu imeelekea wapi. Uga wa sumaku wa dunia, upande unaolikabili jua, umeelekea kaskazini. Wingu likija na uga ulioelekea kaskazini pia, viwili hivyo husukumana na sehemu kubwa ya nguvu hupita pembeni. Likija na uga wa kusini, viwili huungana, na nishati humiminika ndani. Wingu moja na lilelile laweza kuwa kero au balaa kwa tofauti hiyo tu.

Na mwelekeo huo hauonekani kwenye picha. Koronagrafu hukuonyesha umbo na kasi. Sumaku haipigwi picha kwa mbali. Inabidi wingu likipite chombo chenye kipima-sumaku, na vyombo hivyo viko L1, palepale kwenye kilomita milioni 1.5. Piga hesabu mwenyewe. Upepo wa jua wa kawaida, kilomita 400 kwa sekunde, hukatiza umbali huo kwa saa moja hivi. Dhoruba ya kilomita 800 kwa sekunde, nusu saa. Yenye kasi zaidi, robo saa au pungufu. Huo ndio muda ambao mwendesha gridi ya umeme anao kuamua apunguze mzigo au la. Machi 13, 1989, gridi ya Quebec huko Kanada ilianguka chini ya dakika mbili na kuwaacha watu milioni sita gizani kwa saa tisa.

Julai 23, 2012, jua lilitupa wingu la kasi ya kutisha, kati ya kilomita 2,000 na 3,000 kwa sekunde, likiwa na uga mkali. Halikuja kwetu. Lilikwenda upande ambao chombo cha STEREO-A kilikuwa kikipita, likakipiga saa kumi na tisa hivi baada ya kutoka, na chombo kikalipima kikiwa ndani yake. Bila mlinzi aliyekuwa upande ule tusingejua jinsi tulivyonusurika. Tungeiandika Julai 2012 kuwa mwezi wa kawaida.

Nadhani tayari unaona ninakoelekea kuhusu Parker, chombo cha NASA kilichorushwa Agosti 12, 2018, kinachopendwa sana na vyombo vya habari. Sina ugomvi nacho. Desemba 24, 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka uso wa jua, kwa kasi ya karibu kilomita 690,000 kwa saa, kikiwa nyuma ya ngao ya kaboni yenye unene wa sentimita 11 hivi. Kimeingia ndani ya korona yenyewe na kukuta mikunjo ya ghafla kwenye uga wa sumaku, ambayo huenda ikasaidia kueleza ile nishati inayoipasha korona. Kimepewa jina la Eugene Parker, aliyetabiri upepo wa jua mwaka 1958 huku wahakiki wa makala yake wakiikataa, na aliyeishi kukiona kikiruka akiwa na miaka 91. Hadithi nzuri, na sayansi nzuri.

Ila Parker ni mgeni. Anapita kwa jua kila baada ya miezi mitatu hivi, na anapokuwa karibu kabisa hawezi hata kutuma data. Husubiri aondoke kwanza. Anatuambia jua hufanya nini. Hawezi kutuambia linafanya nini leo. Ukimuuliza mtabiri achague kati ya vyombo viwili, nina hakika atashika kile cha 1995.

India, naona, ililielewa hili. Ilipoamua kuwa na chombo chake cha kwanza cha jua, Aditya-L1, haikutafuta rekodi ya ukaribu. Ilikirusha Septemba 2023 na Januari 2024 kikafika L1, mahali pa kukesha.

Upande wa Marekani mambo yalikuwa ya kubahatisha kwa muda mrefu. Mlinzi mkuu wa upepo wa jua, DSCOVR, alizimika Julai 2025, na zamu ikarudi kwa ACE, mzee aliyerushwa mwaka 1997. Ilipofika Septemba 24, 2025 ndipo chombo kipya cha kazi hiyo, SWFO-L1, kiliporuka. Kabla yake, mwaka 2024, setilaiti ya hali ya hewa ya GOES-19 ilikuwa imepanda na koronagrafu mpya, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya utabiri. Kwa hiyo kiti cha SOHO kimepata mrithi baada ya karibu miaka thelathini. Kwamba hakikufa kabla ni sifa ya wahandisi. Kwamba tuliwategemea kiasi hicho ni aibu ya wapanga bajeti.

Na udhaifu si wa angani peke yake. Novemba 2024 bomba la maji lilipasuka katika jengo la Chuo Kikuu cha Stanford ambamo data za SDO huchakatwa. Maji yakaharibu mitambo. Setilaiti ilikuwa nzima kabisa, inapiga picha kila sekunde 12 kama kawaida, lakini huku chini huduma iliyumba kwa muda mrefu. Kilichokwamisha jicho kali kuliko yote la jua ni bomba la maji.

Je, haya yatuhusu sisi wa ukanda huu? Gridi zetu haziko katika hatari kubwa ya namna ya Quebec. Nguvu za dhoruba huelemea zaidi nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Ninaona uzushi mwingi mtandaoni wa jua litakalozima Afrika nzima, na sioni faida yake. Tatizo letu ni la aina nyingine, na ni la kila mwaka. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, si mbali na sisi. Kwenye ukanda huu, baada ya jua kuzama, tabaka la hewa yenye umeme lililo juu, ionosfia, huchafuka: viputo vyenye gesi hafifu hupanda kupitia tabaka zito, na mawimbi ya GPS yanayopita humo hutetereka. Hutokea zaidi katika miezi ya karibu na ikwinoksi, pale usiku na mchana vinapolingana, Machi na Septemba, na huzidi miaka ambayo jua limechangamka. Mpima ardhi anayetaka usahihi wa sentimita jioni ya Machi anaweza kukuta kifaa chake kinapoteza setilaiti na asijue kwa nini. Ndege inayotegemea GPS kutua, droni ya kunyunyiza dawa shambani, meli inayoingia bandarini, zote zinasoma mawimbi hayohayo.

Hakuna chombo kilichoko L1 kitakachokuambia kama viputo vitapanda juu ya Dodoma leo usiku. SOHO na wenzake hukupa hali ya jua. Kilichobaki hupimwa hapahapa, kwa vipokezi vya GPS vilivyowekwa juu ya paa na kuachwa vikirekodi mwaka baada ya mwaka. Afrika ina kituo kimoja kinachofanya kazi hii ya utabiri saa 24, cha shirika la anga la Afrika Kusini, huko Hermanus. Kinafanya kazi nzuri, lakini kiko nyuzi 34 kusini, mbali na ikweta ya sumaku, na anga lake si letu.

Nchi zetu zimeanza kumiliki setilaiti. Kenya ilirusha Taifa-1 Aprili 2023, Uganda na Rwanda zilitangulia na vyombo vidogo. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini nikiombwa ushauri wa shilingi inayofuata, nitasema iende kwenye paa za vyuo vikuu, si kwenye roketi. Kipokezi hakina sherehe ya uzinduzi inayofaa kupigwa picha na waziri. Data za SOHO na SDO ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, mwanafunzi wa Eldoret au Iringa sawa na wa Harvard. Tunachokosa ni upande wa pili wa mlinganyo, vipimo virefu vya anga letu wenyewe, vya kuwekwa pembeni ya vile vya jua.

Kilele cha mzunguko huu wa jua kilitangazwa Oktoba 2024. Kilele hakimaanishi hatari imepita. Dhoruba za Oktoba na Novemba 2003 zilikuja wakati jua lilikuwa tayari linatulia. Kijacho kinatarajiwa katikati ya miaka ya 2030. Bajeti ya wizara ni ya mwaka mmoja, na mradi wa mfadhili mara nyingi haufiki mitano. Kipokezi kitakachowashwa chuoni Mlimani, Dar es Salaam, au Chiromo, Nairobi, mwaka huu kitahitaji mtu anayelipwa mshahara kukikagua, kubadilisha betri, kulipia kifurushi cha data na kupeleka kumbukumbu mahali salama kila wiki, kuvuka angalau chaguzi kuu mbili, kabla hajapata mzunguko mmoja mzima wa kuonyesha.